Gemu ni yako, mlango ni wa kampuni

Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mpwa wangu alinifuata barzani simu mkononi. Ana miaka 15. Gemu ya mpira ambayo amekuwa akiicheza kwenye simu kwa miaka mitatu ilikuwa imemfungia mlango. "Mjomba, hebu nitazamie hii. Yasema lazima niiunganishe na akaunti ya kampuni, la sivyo siingii tena."

Nikadhani ni kazi ya dakika mbili. Watu wa mtaani huniletea simu zao wakikwama na mambo ya serikali, kwa hivyo gemu haikunitisha. Tulikaa nayo mpaka kukaadhiniwa Magharibi.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Mtoto aliifungua gemu hiyo akiwa na miaka 12, kwa jina la kujipachika na namba ya simu ya mamake, basi. Sasa wenyewe wamebadilisha utaratibu. Akaunti ya gemu peke yake haitambuliki tena. Kila mchezaji aingie kupitia akaunti kubwa ya kampuni, ile inayobeba gemu zao zote. Akaunti hiyo yataka barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, nchi unayoishi, na ubonyeze kwamba umekubali masharti marefu ambayo sijui nani ameyasoma. Ili kuthibitisha kwamba wewe ndiwe mwenye akaunti ya zamani, wanatuma tarakimu sita kwa namba ile ile ya mwanzo. Na laini ile ilipotea pamoja na simu ndani ya matatu ya Mombasa mwaka juzi. Dadangu hakuona haja ya kuirudisha. Tarakimu zinakwenda kwa mtu tusiyemjua, au haziendi popote.

Ndani ya akaunti hiyo mna miaka mitatu ya mtoto na pesa zake za Idi, kama shilingi 1,500 kwa hesabu yake, alizonunulia wachezaji kidogo kidogo kwa M-Pesa. Makataa ni mwisho wa mwezi.

Najua watakaosema gemu tu hiyo, afadhali akadurusu vitabu. Huenda. Hata mamake alisema hivyo hivyo. Lakini tuache kidogo suala la kwamba ni mchezo, tutazame kilichofanyika. Mtu alikuwa na kitu, amekilipia, anakitumia kila siku. Siku moja anaambiwa kitu bado ni chake ila hawezi kukigusa mpaka ajiandikishe kwenye daftari jingine, kwa masharti ambayo hayakuwepo siku aliponunua.

Sisi watu wa Pwani jambo hili si geni kwetu. Tuna nyumba bila ardhi. Mtu amejenga kwa jasho lake, nyumba ni yake, anaweza kuipangisha, kuiuza na kuirithisha watoto. Kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa ijara. Mambo yakaenda shwari miaka arubaini kwa sababu mwenye kiwanja ni mtu wa hapa hapa, anajulikana, mkikwama mnazungumza. Kisha anafariki, au kiwanja kinauzwa, na mwenye kiwanja mpya anakuja na masharti yake: kila mwenye nyumba aje tuandikiane upya. Nyumba haijasogea hata shubiri. Ila sasa kuna mtu mwingine wa kumwomba ruhusa ya kuingia kwako.

Hivyo ndivyo ilivyowapata wachezaji wa Minecraft, ile gemu ya kujenga kwa matofali ambayo watoto wengi wa huku wanaijua angalau kwa kuitazama YouTube. Ilitengenezwa na kampuni ya Sweden iitwayo Mojang. Mwaka 2014 Microsoft ya Marekani ikaitwaa Mojang kwa dola bilioni 2.5. Kwa miaka kadhaa walionunua gemu ya kompyuta zamani waliendelea kuingia kwa akaunti zao za Mojang kama kawaida. Oktoba 2020 wakatangaziwa kwamba wote watahamia akaunti ya Microsoft. Kuanzia Machi 10, 2022 asiyehama hakuweza kucheza. Makataa ya kuhama yakawa Septemba 19, 2023, wakaongezewa muda mfupi hadi Desemba, kisha ikawa basi. Aliyechelewa akitaka kucheza anunue upya.

Fikiria kijana aliyenunua mwaka 2011, maisha yakampeleka Saudia kutafuta riziki, akarudi 2024 na kufungua kompyuta yake. Alilipa, na risiti anayo. Gemu hana.

Tuwe waadilifu: sababu walizotoa si za uongo. Akaunti za zamani zilikuwa zikiibwa ovyo, na akaunti mpya ina kufuli mbili pamoja na uwezo wa mzazi kumsimamia mtoto. Mimi ni mzazi, hilo la pili nalitaka. Lakini kufuli mpya ingeweza kutiwa kwenye mlango ule ule. Na kampuni haipati faida ya usalama peke yake. Ukiwa na akaunti moja kwa kila kitu, kampuni inaona pamoja unachocheza, unachonunua, saa unazolala, marafiki unaocheza nao na kompyuta unayotumia. Vipande vilivyokuwa vimetawanyika vinakuwa picha moja ya mtu, nayo ina bei.

Kisa kinachotugusa sisi moja kwa moja ni cha Mei 2024. Kuna gemu ya vita iitwayo Helldivers 2, iliyotengenezwa na kampuni ya Arrowhead, ya Sweden pia, na kuuzwa na Sony. Ilitoka Februari mwaka huo kwa PlayStation 5 na kwa kompyuta kupitia duka la Steam. Ikapendwa kupita matarajio; kufikia Mei ilikuwa imeuza nakala milioni 12. Wa kompyuta walikuwa wakiingia kwa akaunti zao za Steam. Sharti la kuwa na akaunti ya Sony pia, yaani ya PlayStation Network, lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo, lakini siku za mwanzo mitambo ikalemewa na sharti likawekwa kando. Watu wakacheza miezi mitatu. Mei 3 Sony ikatangaza kwamba sasa sharti linarudi, na wachezaji wa zamani nao waunganishe akaunti zao kabla ya mapema Juni.

Tatizo likaonekana mara moja. Huwezi kufungua akaunti ya PlayStation Network bila kuchagua nchi, na orodha ya nchi haina nchi zote. Katika Afrika yote kusini mwa Sahara ilikuwa na moja tu, Afrika Kusini. Kenya haimo, Tanzania haimo, Uganda haimo. Oman imo. Kwa hivyo jamaa zetu walioko Maskati wangeweza kufungua akaunti kihalali wakiwa wamejinyoosha sebuleni, na binamu yao wa Malindi, aliyelipa pesa kama wao, hana pa kubonyeza. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177.

Na bado PlayStation zimejaa huku kwetu. Pita Maweni, pita Majengo, pita vichochoro vya Mtwapa wakati shule zimefungwa. Utasikia kelele za vijana kabla hujakiona kibanda, wamebanana kwenye mabenchi, wanalipa shilingi chache kwa mechi na aliyefungwa anampisha mwenzake. Mashine zinauzwa madukani mchana kweupe. Anayetaka kuingia mtandaoni huandika kwamba anaishi Afrika Kusini, au Uingereza, au Marekani. Kila mtu anajua. Masharti yanataka taarifa za kweli, na siku kampuni ikiamua kuyashika masharti yake, mwenye makosa atakuwa ni kijana aliyedanganya, si orodha iliyomsahau.

Mpwa wangu aliniuliza swali hilo hilo kuhusu gemu yake, kwa sababu kule nako umri wake ulimtia kwenye kundi la watoto. Akaunti ya mtoto yataka akaunti ya mzazi kwanza, na dadangu hata barua pepe hana. "Nikiandika nimezaliwa 2005, nitakuwa nimesema uongo?" Nikamwambia ndiyo, ni uongo. Akanyamaza, kisha akasema wenzake wote darasani wamezaliwa 2005. Sikuwa na la kumjibu. Madrasa tunawafundisha ukweli, na mlango wa kwanza wanaoukuta duniani unafunguka kwa wanaodanganya.

Turudi kwa Sony. Wachezaji walikasirika. Ndani ya siku chache walikuwa wamemwaga kwenye Steam maoni mabaya zaidi ya 200,000, na Mei 6 Sony ikalifuta sharti lile. Huku kulikuwa ni kushinda, tena kwa siku tatu. Ila nchi zile hazikurudishwa sokoni siku hiyo, zilikaa miezi mingi zikiwa zimefungiwa. Walioshinda ni wale waliokuwa kwenye orodha tangu mwanzo. Waliachiwa mlango wao wa zamani wakaendelea kucheza. Sisi tulitajwa sana katika vita ile, tena kwa huruma, kisha tukaachwa nje.

Kwa nini nalileta jambo hili katika safu ya mambo ya siasa na jamii? Kwa sababu tabia ya kampuni imehamia serikalini, na huko hakuna Steam ya kuandika maoni mabaya.

Juni 2023 Rais Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen, na malipo yote yakaelekezwa kwa namba moja, 222222. Leseni za magari zilizokuwa kwenye akaunti za NTSA zikahamishiwa huko. Kiingilio cha hifadhi ya bahari ya Malindi, ambayo ipo tangu 1968, huko huko. Mwezi uliofuata, Julai, wadukuzi wakaushambulia mtandao huo, na kwa siku kadhaa viza, tikiti za treni na hata tokeni za stima zikayumba pamoja. Ukiweka mayai yote kwenye kapu moja, ndivyo yanavyoanguka.

Januari 2024 Wizara ya Elimu ikaagiza wazazi wa shule za serikali walipe karo kupitia eCitizen. Fikiria mzazi wa Ganze au Magarini ambaye hulipa karo kwa mbuzi mmoja leo, magunia mawili ya mahindi mwezi ujao, na mwalimu mkuu anamwelewa. Hakuna kitufe cha mbuzi kwenye eCitizen. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo Februari, na Aprili 2025 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba lilikuwa kinyume cha katiba. Ile ada ya shilingi 50 kwa kila malipo nayo akaikosoa. Katika habari zote za akaunti za lazima nilizofuatilia, hii ndiyo iliyonipa moyo.

Oktoba 1, 2024 ikawa zamu ya afya. NHIF ikafa, SHA ikazaliwa, na watu waliokuwa wanachama miaka ishirini wakatakiwa wajisajili upya na kuwaingiza mke, mume na watoto upya. Ninawajua akina mama waliokwenda hospitali wiki ile na kadi ya NHIF iliyolipiwa, wakaambiwa haina kazi. Hospitali sizitaji. Tofauti ya mama yule na mpwa wangu ni kwamba mtoto aliyefungiwa gemu anaweza kwenda kuogelea.

Wanaoanguka kila mara ni wale wale. Ni yule ambaye laini yake ilipotea, au ana simu ya kitufe, au hana barua pepe. Na kwetu Kilifi kuna yule ambaye hana kitambulisho kabisa. Wapemba walioishi hapa vizazi kadhaa, wavuvi, walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023 tu, na Julai 28 mwaka huo Rais alikuja Kilifi kuwapa vitambulisho. Kabla ya hapo hawakuweza kusajili laini ya simu kwa majina yao, hawakuweza kupata leseni ya uvuvi bila kuomba jina la mtu. Waliishi kama vijana wetu wa PlayStation wanavyoishi: kwa kuazima uraia wa mwingine ili mlango ufunguke. Na Waislamu wa Pwani waliowahi kutumwa kutafuta cheti cha babu ndipo wapewe kitambulisho hawahitaji nieleze zaidi.

Makataa pia hatukuyaona kwa Microsoft mara ya kwanza. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa maili kumi wa Pwani. Kila anayedai ardhi aje mbele ya msajili athibitishe. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Wenye kusoma, wenye karatasi na wenye jamaa mjini waliwahi. Wengi wa Mijikenda, ambao mashamba yao yalijulikana kwa minazi na makaburi ya wazee, hawakuwahi, na wajukuu wao leo wanaitwa maskwota katika ardhi hiyo hiyo. Sisemi gemu ni sawa na shamba. Nasema mtindo ni mmoja: ulichokuwa nacho hakihesabiki mpaka kiandikwe kwenye daftari letu, kwa lugha yetu, kabla ya tarehe yetu.

Sheria tunayo, na wengi hawaijui. Ibara ya 31 ya katiba inamlinda mtu asidaiwe habari zake za faragha pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema ridhaa lazima iwe ya hiari, na katika kupima kama ni ya hiari huangaliwa kama umelazimishwa kutoa habari zisizohitajika ili upewe huduma. Habari za mtoto haziguswi bila ridhaa ya mzazi. Ukilalamika kwa Kamishna wa Data, malalamiko yanatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90. Ofisi hiyo imeshawahi kuzitoza kampuni faini, kwa hivyo si jina tupu.

Ninachotaka kutoka kwake na kutoka kwa Bunge si kikubwa. Kampuni ikiuza kitu Kenya, ikapokea pesa za Kenya, isiruhusiwe kukifunga nyuma ya akaunti ambayo Mkenya hawezi kuifungua kihalali. Ikitaka kuhamisha watu, iache njia ya mtu kuthibitisha kwa risiti, si kwa laini ya zamani peke yake. Asiyetaka kuhama arudishiwe pesa zake. Na serikali, kabla ya kumkosoa Sony, iache dirisha moja lenye mtu wa kuzungumza naye katika kila ofisi inayoihamishia mtandaoni. Serikali yetu ya Kaunti ya Kilifi nayo inatoza ada za vibali na za soko. Ijifunze mapema kabla haijatuletea akaunti yake.

Tulichofanya sisi ni hiki. Tulikwenda saiba, tukachapisha jumbe za M-Pesa alizonunulia wachezaji, saba kwa jumla, zenye tarehe na namba za malipo. Dadangu alifunguliwa barua pepe ya kwanza maishani mwake. Nikaandika barua kwa Kiingereza cha diploma yangu, nikaeleza habari ya laini iliyopotea, nikaambatisha zile risiti, nikaituma kwa anwani ya huduma ya wateja. Tarehe ya kuzaliwa tukaandika ya kweli.

Jibu lilikuja Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, kutoka kwa mashine. Limetushukuru kwa kuwa wateja, likasema ili malalamiko yasikilizwe, mchezaji kwanza aingie kwenye akaunti yake.